Siku Nilipouona Mzizi wa Jino Langu

Aliyeniambia kwanza kwamba jino langu linacheza alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao nikifundisha sauti ya f, nikiwaonyesha watoto jinsi meno ya juu yanavyougusa mdomo wa chini, fa, fe, fi, nao wakinitazama kinywani kwa makini kama nilivyowaagiza. Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye mwenyewe alikuwa na pengo la meno mawili, akainua mkono. Nilidhani anataka kwenda choo. Akasema kwa upole, "Mwalimu, jino lako linacheza. Likitoka ulirushe juu ya paa, lingine litamea."

Hakuna mtoto aliyecheka. Muhula ule karibu kila wiki mmoja wao alikuja na jino kwenye kiganja, na kwao halikuwa jambo la ajabu kwamba zamu ya mwalimu nayo imefika. Nikamshukuru, nikageukia ubao, nikaandika herufi mstari mzima ili wasiuone uso wangu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne.

Nilikuwa najua, bila shaka. Mtu hakosi kujua kinachoendelea ndani ya kinywa chake. Kwa miaka miwili mswaki ulikuwa ukitoka na damu, na nikiuma pera niliacha alama nyekundu kwenye nyama yake. Asubuhi niliamka na ladha ya chuma ulimini. Katika chumba cha walimu nilizoea kukaa karibu na dirisha nikitafuna karafuu, na nikicheka nilifunika mdomo kwa kiganja, hata wenzangu wakadhani ni haya ya malezi mema. Mume wangu, aliyefanya kazi Mlolongo na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, hakuwahi kusema neno. Ila alikuwa ameanza kuniletea peremende za minti, nami nilizipokea bila kuuliza ni za nini.

Sikuwa nimekwenda hospitali kwa sababu nyumbani kwetu, karibu na Mitaboni, ugonjwa huu ulikuwa na jina lake. Yalikuwa meno ya mwaitu, yaani meno ya mama. Mama yangu aling'olewa meno yake yote kabla sijaingia shule, naye hakuwa amefika miaka arobaini. Alisimulia habari hiyo bila uchungu, kama mtu anayesimulia mvua ya zamani. Alikaa kwenye kiti cha mbao, mtu mwenye koti jeupe akayatoa moja baada ya jingine na kuyatia kwenye bakuli, na mengi hayakuhitaji nguvu, yalitoka kama punje kwenye gunzi kavu. Kisha akatembea hadi nyumbani akiwa amejifunga leso mdomoni. Baadaye alipata meno ya bandia, akawa anayavaa kanisani na mazishini tu.

"Jino likishaanza kutembea," alikuwa akituambia, "hilo ni mgeni anayeaga. Humzuii mlangoni."

Kwamba huu ni ugonjwa wa ukoo, tuliamini wote, ingawa ushahidi wa kinyume tulikuwa tumekaa nao jikoni miaka mingi. Susu, nyanya yangu aliyemzaa mwaitu, alikufa akiwa mzee sana na meno yake karibu yote. Mawili ya mbele yalikuwa yamechongwa yakawa na ncha, kama walivyofanyiwa wasichana wa Kikamba wa enzi zake, na kwa meno hayo alitafuna muwa hadi mwaka wake wa mwisho. Sikuwahi kukaa nikaliwaza hilo. Nilimtazama mwaitu, nikajiona mimi.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa shuleni, nikaenda Machakos mjini kung'oa. Mtaalamu wa meno niliyemkuta alikuwa mtu wa maneno machache. Alilishika jino langu kwa vidole viwili akalitikisa, akashika na mengine. Manne yalitikisika. Alikuwa ameshavuta dawa ya ganzi kwenye sindano aliponiuliza umri wangu. Nilipomjibu, aliiweka sindano kwenye sinia. Akaniambia kuna daktari hapo mjini, mama mmoja aliyesomea fizi hasa, si kung'oa na kuziba tu, na kwamba angependa huyo aniangalie kwanza.

"Kung'oa hakuchelewi," alisema. "Lakini nikishang'oa, hatuna tena la kujadiliana."

Sijui kama mtu yule anakumbuka maneno hayo. Mimi nayakumbuka pamoja na rangi ya sinia.

Daktari wa fizi alikuwa na vyumba viwili kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo la mawe, juu ya duka la vitambaa. Nilitarajia mtu mrefu mwenye sauti kubwa. Nikakutana na mama mfupi wa makamo, mzaliwa wa Murang'a aliyekuwa ameishi Machakos hadi akajua Kikamba cha sokoni, na ambaye alisimama juu ya kibao ili akifikie vizuri kinywa cha mgonjwa. Msaidizi wake alikuwa mzee mpole mwenye mvi, mpishi wa shule aliyestaafu, mwenye mikono isiyotetemeka hata kidogo.

Siku ya kwanza daktari hakunitibu. Alichukua chuma chembamba chenye alama ndogondogo kama rula, akawa anakiingiza taratibu kati ya jino na ufizi, akisoma namba, na mzee akiziandika. Mbili. Tatu. Saba. Sita. Nane. Baada ya muda nikaelewa kwamba namba hizo ni kina cha mashimo yaliyo chini ya fizi zangu, na kwamba kubwa ni mbaya. Nikaanza kuomba kimoyomoyo zitoke tatu.

Alipomaliza aliniuliza wazazi wangu wako na meno ya namna gani. Nikamweleza kwamba hii ni ya ukoo, nimeitoa kwa mama. Akauliza habari za mama wa mama yangu. Nilipomwambia kuhusu susu na muwa, aliacha kuandika, akaniangalia juu ya miwani.

"Kwa hivyo si lazima," akasema.

Maneno hayo manne niliyabeba mpaka nyumbani.

Alinieleza mambo kwa lugha ambayo ningeweza kumweleza mtoto wa darasani kwangu. Alisema ufizi wenye afya hulishika jino kama shingo ya fulana inavyoshika shingo ya mtu. Uchafu ukikaa hapo, hugeuka kuwa ugaga, mgumu kama ule unaobaki ndani ya birika, na ugaga ukishuka chini, ufizi huachia na kukimbia, na mfupa unaolishika jino huliwa kidogokidogo. Ila baya zaidi, alisema, ni kinachoupata mzizi wenyewe. Unalowa sumu. Hata ukiuosha kwa maji, nyama haitaki kuugusa.

"Ukuta wa jikoni uliojaa masizi na mafuta, fundi akipiga plasta juu yake, itashika?"

Nikasema haitashika.

"Basi mimi kazi yangu ni kukwangua na kuosha. Kushika si kazi yangu."

Nikamuuliza ni kazi ya nani. Akatabasamu nyuma ya barakoa, nikaona kwa macho tu, akasema ni ya mwili, na kwamba yeye huuacha mlango wazi na kusubiri.

Nilikwenda kwake mara nne kwa wiki nne, kila mara akitia ganzi robo moja ya kinywa na kuisafisha mizizi yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maumivu, lakini maumivu hayakuja. Kilichokuja ni sauti. Chuma kinapokwangua mzizi wa jino lako, husikii kwa sikio. Unasikia kwa fuvu. Mwanzoni ilikuwa kama jembe linalopita kwenye changarawe. Daktari alikwangua, akasimama, akakwangua tena, na kila aliporudi sauti ilikuwa imepungua ukali, hadi ikafika mahali ambapo chuma kiliteleza na kutoa mlio mwembamba, kama kidole kwenye glasi iliyooshwa vizuri. Hapo alisimama.

"Umesikia?" aliniuliza. Nikaitikia kwa koo. "Hapo ndipo."

Siku ya pili nikagundua jambo ambalo hadi leo nikilisimulia nasikia mwili unanisisimka. Nilifumbua macho katikati ya kazi nikayaona macho yake, sentimita chache tu juu ya yangu, nayo yalikuwa yamefumbwa. Nilidhani amechoka. Kumbe ndivyo alivyofanya kazi alipofika chini kabisa ya ufizi, mahali ambapo taa haifiki wala jicho. Aliyafumba ili vidole visikie vizuri. Nilikuwa nimezoea kuwaambia watoto waangalie wanachokifanya. Na hapa palikuwa na mtu mzima, msomi, akitafuta punje ya ugaga ndogo kuliko chembe ya chumvi, gizani, kwa ncha ya vidole, na akiipata.

Mwaitu hakupendezwa na safari hizi. Hakunikataza, maana nilikuwa mke wa mtu na mwalimu, lakini aliniambia namsumbua mgeni aliyekwisha funga mizigo. Nilipomweleza kwamba damu imeacha kutoka, aliniangalia kinywani kwa muda, akasema labda ni kwa sababu ya majira.

Damu ilikuwa imeacha kweli. Baada ya kama wiki sita daktari alipima tena, na namba nyingi zilikuwa zimeshuka hadi tatu na nne bila mtu kufanya chochote ila kusafisha na kusubiri. Kulikuwa na sehemu mbili zilizokataa. Jino moja la nyuma, gego la chini, mzizi wake ulikuwa umeoza hadi kwenye njia panda, pale unapogawanyika, na daktari hakunificha kwamba hilo limekwenda. Alilitoa siku hiyohiyo. Sehemu ya pili ilikuwa meno mawili ya mbele juu, mojawapo likiwa lile lililoonwa na mtoto darasani. Haya alisema hayajafa, lakini ugaga umeingia ndani mno, kwenye bonde la mfupa ambalo chuma hakilifikii kwa kupapasa. Ingebidi aufungue ufizi, aione mizizi kwa macho, aisafishe, aipake dawa, kisha ashone.

Siku ya kazi hiyo mwaitu alikuja nami. Hakuamini kitu, alisema tu kwamba mtu aliyepasuliwa harudi nyumbani peke yake. Alivaa nguo zake za kanisani, na meno yake, akaketi kwenye benchi la chumba cha kusubiria na mkoba mapajani.

Ulikuwa mwaka wa ukame, mabwawa yamepungua na umeme ni wa mgao. Upande ule wa mji ulipaswa kuwa na umeme hadi saa sita, na daktari alikuwa amepanga kazi kwa ratiba hiyo. Alinitia ganzi, akasubiri, akakata. Sikusikia kitu ila msukumo. Alikuwa ameshaukunja ufizi juu wakati taa iliyokuwa usoni pangu ilipozima, na ile mashine ya kuvuta mate ikanyamaza kwa mlio wa kushuka.

Kinywa changu kilikuwa wazi na ufizi umeinuliwa kama kifuniko cha bahasha. Mzee alijaza pamba pale mate yalipokuwa yakikusanyika, akakigeuza kiti changu kuelekea dirishani, akafungua pazia, akachukua kioo cha duara kilichokuwa kikining'inia juu ya sinki. Wakati huo jua lilikuwa limeshapanda juu ya vilima vya Iveti na linaingia moja kwa moja. Alilikamata jua kwa kioo, akalitupa kinywani mwangu. Nilielewa kwamba hii haikuwa mara yao ya kwanza.

Tatizo lilikuwa moja, naye daktari alilisema kwa utulivu. Bila mashine, mzee alihitajika kwa mikono yote miwili, kwa pamba na maji. Mtu wa kushika kioo hakuwepo.

"Mwite mama," akasema.

Hivyo ndivyo mwaitu alivyoingia. Nilimwona kwa pembe ya jicho, na nguo zake za kanisani, akipokea kioo kile kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa kubatizwa. Mzee alimwonyesha mahali pa kusimama, kando ya dirisha. Mwanga ulicheza kidogo ukutani, ukapita juu ya dari, ukanipata shavuni, ukaingia kinywani na kutulia. Haukutikisika tena. Jua lilivyosogea, yeye naye alisogea nalo, hatua nusu nusu, bila kuambiwa.

Daktari alifanya kazi muda mrefu. Katikati yake akaniuliza kama ningependa kuona. Nadhani aliuliza kwa sababu mimi ni mwalimu. Nikaitikia. Akanyanyua kioo kidogo cha mkononi mbele ya macho yangu, akakiinamisha mpaka nikaona.

Niliuona mzizi wa jino langu. Nilikuwa nimeishi nao tangu nikiwa na miaka saba au minane, na hatukuwa tumeonana. Ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani, mrefu kuliko jino lenyewe, na rangi yake si nyeupe, ilikuwa ya manjano iliyofifia kama pembe ya ng'ombe. Ulisimama ndani ya mfupa, na mfupa wenyewe niliuona, wa waridi hafifu, hai, ukivuja vidoa vidogo vya damu. Upande mmoja mfupa ulikuwa umezama ukawa kama kibonde, na pale kwenye kibonde mzizi ulikuwa na magamba meusi. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakinitoa damu kwenye mapera. Yote yalikuwa madogo sana. Eneo lote la ugonjwa lililonifanya nicheke kwa kiganja mdomoni miaka miwili lingeweza kufunikwa na punje ya ndengu.

Sikusikia kinyaa wala hofu. Nilisikia kile ninachokisikia kanisani mara chache, siku ambayo wimbo umeshika kweli. Nilitaka kuvua viatu.

Akaondoa kioo akaendelea. Magamba yalitoka. Alikwangua hadi mlio ule wa glasi ukaja, na safari hii aliusikia macho yakiwa wazi. Kisha mzee akachukua kapsuli mbili za tetrasaiklini, zile za kawaida za duka la dawa ambazo kila nyumba ilikuwa nazo, akazifungua, akamwaga unga wake wa manjano kwenye kikombe kidogo na kuuchanganya na maji ya chumvi. Daktari alilowesha vipande vya pamba, akawa anaisugua nayo ile mizizi, akitupa kipande na kuchukua kingine, kwa dakika kadhaa. Alinieleza huku akifanya. Kukwangua kunaacha vumbi laini lililoganda juu ya mzizi, kama vumbi la msasa kwenye mbao, na chini ya vumbi hilo kuna nyuzi ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona. Dawa hii ina ukali wa kuliyeyusha vumbi na kuziacha nyuzi zisimame wazi. Damu ikija, inashikana nazo. Nyama inafuata damu.

Alisuuza, akaacha. Aliacha kabisa, mikono yake ikiwa hewani, akitazama. Sote tulitazama, kila mtu kutoka mahali pake, mimi kwenye kile kioo kidogo ambacho mzee alikuwa amenirudishia machoni. Damu ilipanda taratibu kutoka kwenye mfupa, ikajaza kibonde, ikaupanda mzizi na kuufunika.

"Hii damu usiiteme," akaniambia. "Hii ndiyo kazi."

Alishona kwa uzi mweusi, mishono mitano, akayafunga yale meno mawili na jirani zao kwa waya mwembamba kwa nyuma. Ndipo akamwambia mwaitu anaweza kushusha mikono.

Mwaitu hakuishusha mara moja. Nadhani ilikuwa imekufa ganzi kuliko kinywa changu. Mzee akampokea kioo, na daktari akamshukuru kwa Kikamba chake cha sokoni, akamwambia amemshikia jua vizuri kuliko taa. Mwaitu akauliza swali ambalo, sasa naelewa, lilikuwa limemkaa kooni muda wote aliosimama pale.

"Daktari, yangu nayo yangeoshwa hivi?"

Daktari alitoa barakoa. Akashuka kutoka kwenye kibao chake, na aliposhuka, wakawa wanaangaliana macho kwa macho, kwa sababu mwaitu naye alikuwa mfupi.

"Sikuyaona, mama. Siwezi kukuambia yote. Lakini mengine, ndiyo."

Mwaitu akatikisa kichwa polepole. Akasema asante kwa kuambiwa ukweli, akaenda kuchukua mkoba wake.

Tulishuka ngazi. Katikati, pale ngazi inapokata kona, mwaitu akaketi kwenye kidato. Niliketi kando yake. Sikuweza kusema neno, mdomo wangu wa juu ulikuwa kama wa mtu mwingine, na daktari alikuwa amenikataza kuzungumza. Watu wawili walipita wakatuamkia, yeye akawaitikia. Kisha akaniambia, bila kuniangalia, "Nilikuwa na meno mazuri, mwiitu. Wewe hukuyaona."

Mwiitu ni binti. Hakuwa ameniita hivyo tangu niolewe. Nilimshika mmoja wa mikono ile iliyoshika kioo, tukakaa hivyo mpaka akasimama yeye mwenyewe.

Nilikunywa uji wiki nzima. Nyuzi zilitolewa, na waya ukabaki kwa miezi. Sitaki mtu anayesoma adhani nilitoka pale na kinywa kipya. Fizi zilipopona zilikuwa zimepanda juu, meno yakaonekana marefu, na kati yao kukawa na vipengo vyeusi vya pembetatu ambavyo ninavyo hadi leo. Maji baridi yalinichoma kwa muda mrefu. Upande wa gego lililotoka nilijifunza kutafuna kwa hadhari. Kila miezi mitatu nilirudi kusafishwa, na kila jioni nilipitisha uzi kati ya jino na jino kama alivyonifundisha.

Baada ya mwaka mmoja alipiga eksrei nyingine. Akaichukua na ile ya kwanza, aliyoipiga kabla ya kunipasua, akazishika zote mbili kwenye mwanga wa dirisha, bega langu likigusa lake. Katika ile ya zamani, kando ya mzizi palikuwa na kivuli cheusi kama mfereji. Katika mpya, mfereji ulikuwa umefifia kutoka chini, umejaa kijivu chepesi, karibu nusu ya kina chake.

Kisha akaniambia huo ni mfupa. Haujafika juu, na labda hautafika, lakini umepanda. Nilimuuliza umepandaje. Akasema kuna hatua anazozijua na nyingine hakuna anayezijua, kwamba ameliona hili kwa wagonjwa wengi na kwa wengine ameona halitokei, ingawa mikono ni ileile na dawa ni ileile. Alilisema bila aibu. Nilishangaa kwamba mtu aliyesoma kiasi kile bado anaitazama picha ile kama mtu aliyeona kifaranga kinapasua yai.

Mimi sikuwa nimefanya lolote. Hilo ndilo lililonishinda kulielewa nilipokuwa nikirudi nyumbani. Mwaka mzima nilikuwa nikisahihisha madaftari, nikipika, nikigombana na mume wangu kuhusu tangi la maji na kupatana naye, nikizika shangazi, na siku hizo zote, ndani ya kichwa changu, pasipo kuniomba ruhusa, mfupa ulikuwa ukijijenga, chembe juu ya chembe, kwenye mahali palipooshwa.

Nilikwenda kumwambia mwaitu. Nilimkuta sokoni Mitaboni, kwenye kibanda chake cha ndengu na mbaazi. Nilimchorea vile vivuli viwili kwenye karatasi ya kufungia, nikimweleza habari za ukuta wa jikoni kama daktari alivyonieleza. Alitazama, akaniomba nimwachie karatasi, akaikunja.

Miezi michache baadaye alimpeleka kwa daktari mdogo wangu wa mwisho, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye mswaki wake ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Alimpeleka mwenyewe, hakunituma mimi, na mdogo wangu aliniambia kwamba mwaitu alikataa kukaa kwenye benchi la nje, alisimama dirishani wakati wote, ingawa siku hiyo umeme ulikuwepo. Hakukuhitajika kisu kwa mdogo wangu. Ilikuwa mapema, na kusafisha kulitosha.

Daktari alifanya kazi hapo juu ya duka la vitambaa miaka michache zaidi, kisha akaamua kustaafu na kwenda Matuu, ambako yeye na mumewe walikuwa wamenunua shamba la maembe. Siku ya mwisho nilimpelekea kuku na kiondo cha mkonge. Nilidhani nitamkuta peke yake na yule mzee msaidizi wake wakifunga vyombo. Nilikuta ngazi imejaa. Walikuwa wanawake wa soko la Mitaboni, muuza nyanya, muuza vikapu, yule anayeshona sare za shule, na wengine ambao nawajua kwa sura tu, kila mmoja na kitu mkononi. Nikawauliza wamemjuaje daktari huyu.

Muuza nyanya ndiye aliyenijibu. Aliniambia kwamba wote ni kazi ya mama yangu. Mtu akija kununua ndengu na mama yangu akaona anatafuna upande mmoja, au anafunika mdomo akicheka, humwambia ainue mdomo aone. Kisha hutoa karatasi iliyokunjwa na kumweleza habari za ukuta wa jikoni, masizi na plasta.

Mwaitu hakuwa amenidokezea hata neno moja. Nilimtafuta kwa macho, nikamwona juu kabisa ya ngazi, karibu na mlango, akiwapanga watu waingie mmoja mmoja.